Dakika Tatu za Kila Valvu

Kila siku nikirudi shule nilikuwa na kazi tatu: kubadili sare, kula, na kuambiwa nitulie. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la sita, na miguu yangu haikujua kazi ya kiti. Nilikula nimesimama, nilisoma huku natembea, na nikitumwa dukani nilikuwa natimua mbio kabla sijaambiwa cha kununua, ikabidi nirudi kuuliza. Ndiyo maana nyumbani na mtaani hakuna aliyekumbuka jina langu la shuleni. Wote waliniita Chapu.

Mama yangu alikuwa fundi wa redio. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilichokuwa karakana yake. Palikuwa na meza ndefu iliyoungua hapa na pale kwa chuma cha kulehemu, rafu za redio zilizoachwa matumbo wazi, na dirisha moja kubwa lililotazama barabara. Mafundi wengine walikuwa wamehamia kwenye simu. Mama naye alizitengeneza, lakini sifa yake ilikuwa kwenye vyombo vya zamani, vile vinavyotumia valvu. Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa yote, na ndani yake mna vipande vya chuma na waya mwembamba unaowaka rangi ya chungwa ukipata umeme. Chini ina miguu ya kuchomekea. Siku hizi watu wengi wakiiona hudhani ni taa iliyoungua.

Kaka yangu alikuwa akipanga mifuko ya saruji katika duka la vifaa vya ujenzi, lakini ukimuuliza kazi yake alikwambia anapiga gitaa. Miaka miwili mizima alikuwa akiiomba bendi kubwa ya mjini imsikilize. Hatimaye kiongozi wa bendi alimwambia aje ukumbini Jumamosi saa tisa alasiri, aje na gitaa lake na amplifaya yake, yaani lile sanduku la kukuza sauti. Asiyefika siku hiyo asingeitwa tena.

Gitaa alikuwa nalo. Amplifaya pia alikuwa nayo, kubwa, nzito, ya zamani, aliyoinunua kwenye ukumbi mmoja uliokuwa ukiondoa vitu vyake chakavu. Tatizo lilikuwa valvu mbili kubwa za nyuma, zile zinazosukuma sauti. Zilikuwa zimekufa. Mama alihangaika wiki nzima mpaka akapata boksi la valvu za aina hiyo kwa fundi mmoja aliyestaafu. Zilikuwa ishirini na nne, zote zimeshatumika, na hakuna aliyejua ipi nzima na ipi imechoka.

Ijumaa nilipofika kutoka shule, Mama alikuwa anavaa viatu. Alikuwa ameitwa kufunga vipaza sauti vya mteja na asingeweza kukataa. Alinionyesha boksi, akaniambia nizipime zote, nizibandike namba na kuandika kila moja kwenye daftari, kisha nitafute mbili zilizo pacha. Kazi hiyo niliijua vizuri. Nilianza kupima valvu nikiwa na miaka tisa, na bila kujisifu sana, nilikuwa sijawahi kuiunguza hata moja.

“Kumbuka zinavyofanya kazi,” Mama alisema akiwa mlangoni. “Moja inavuta, nyingine inasukuma. Zikipishana nguvu, ile nzima inabeba mzigo wa mgonjwa. Zisipishane zaidi ya alama tatu.”

“Najua, Mama.”

“Na dakika tatu kila moja, Chapu. Tatu. Usiangalie themanini ukadhani ni mtihani wa shule. Sitini iliyotulia naipenda kuliko themanini inayoshuka.”

Nikasema najua, najua, na mguu wangu tayari ulikuwa unagonga sakafu.

Kipimo chetu kilikuwa kama sanduku dogo la safari. Juu kilikuwa na matundu ya kuchomekea valvu, chini ya matundu kilikuwa na vifundo vya kuzungusha, na katikati palikuwa na saa ya mshale yenye alama kuanzia sifuri hadi mia. Kuanzia sifuri hadi arobaini palipakwa nyekundu, kufika sitini njano, na kutoka hapo kwenda juu kijani. Unaanza kwa kuweka vifundo kama kitabu cha kipimo kinavyosema. Halafu unachomeka valvu na kuigonga taratibu kwa penseli ukitazama kitaa kidogo cha pembeni. Kitaa kikiwaka, vyuma vya ndani vimegusana na valvu hiyo ni ya kutupa. Kikikaa kimya, unasubiri dakika tatu ili valvu ipate moto sawasawa. Baada ya hapo ndipo unapobonyeza kitufe na kusoma mshale.

Dakika tatu si nyingi ukizitaja. Jaribu kuzikaa mbele ya chupa inayowaka huku wenzako wanacheka nje. Ya kwanza niliipima vizuri nikapata sabini. Ya pili sitini na mbili. Ya nne ilinifurahisha, ilipanda mpaka themanini na moja ikatulia pale. Kufikia ya sita nilikuwa nimeshasimama, nimeshakaa, nimeshahesabu redio zote za rafuni na mashimo yote ya dari. Saa ya ukutani ilikuwa kama inanifanyia makusudi.

Hapo ndipo Kipaza alipotokea dirishani. Huyu alikuwa rafiki yangu wa mtaani, na jina hilo alilipata kwa sauti yake, maana akikuita kwa siri nyumba nne zinageuka. Aliniambia mashindano ya kuruka kamba na watoto wa mtaa wa pili yanaanza saa kumi na robo, na bila mimi tunachapwa mchana kweupe. Nilitazama saa. Saa kumi kasoro dakika tano. Nilitazama boksi. Zilibaki kumi na nane.

Nitasema ukweli kuhusu akili yangu ya siku ile, kwa sababu nilijiona mjanja kuliko aliyekitengeneza kile kipimo. Nilikuwa nimegundua, kwa kubonyeza kitufe mapema bila subira, kwamba valvu ikisubiri nusu dakika tu mshale unafika mahali, na ikimaliza dakika tatu unakuwa umepanda kama alama kumi hivi. Zote sita zilifanya hivyo. Basi nikajiambia, kuna haja gani ya kusubiri kitu ninachokijua? Nusu dakika, kisha naongeza kumi.

Kumi na nane zilizobaki nilizilipua kwa robo saa na ushei. Namba kumi na moja mshale ulisimama sabini na mbili, nikaandika themanini na mbili. Na namba nne ilikuwa themanini na moja. Pacha hao. Nilizifunga pamoja kwa utepe nikaziweka katikati ya meza mahali ambapo hata kipofu angezigusa. Zile ambazo hata baada ya kuongeza kumi hazikufika sitini, zilikuwa saba, nikazitupia kwenye boksi la mbovu. Kisha nikatoka kwa kupitia dirishani, maana mlango ulikuwa mbali.

Tulishinda ile kamba. Mpaka leo siwezi kuifurahia.

Mama alirudi saa kumi na mbili jioni, akatazama daftari, akatabasamu. Alizichomeka valvu mbili zile nyuma ya amplifaya, Kaka akaunganisha gitaa, na karakana ikajaa sauti nzito na tamu ambayo ilinifanya nisahau kila kitu. Kaka alipiga nusu saa huku amefumba macho. Baadaye sauti ikaanza kukwaruza. Ukaingia mvumo wa chini, kama wa nyuki ndani ya debe, na ukazidi kukua. Kaka aliacha kupiga lakini mvumo haukuacha. Nyuma ya amplifaya valvu moja ilikuwa imefifia, na ile ya pili chuma chake cha ndani kilikuwa kimegeuka chekundu kabisa. Mama alirukia swichi akaizima. Harufu ya vumbi lililoungua ilijaa chumba kizima.

Nilijua palepale. Ile iliyofifia ilikuwa namba kumi na moja.

Mama hakunitazama. Alilitazama daftari, akaweka kidole kwenye themanini na moja, halafu kwenye themanini na mbili. Akasema valvu ni nzima, kwa hiyo kosa liko ndani ya amplifaya, mahali alipolehemu yeye. Nilifungua mdomo. Kaka alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gitaa magotini, uso umemnyong’onyea. Nikaufunga mdomo. Nilijipa moyo kwamba labda kweli ni waya, kwamba Mama ataupata na mambo yataisha bila mimi kusema chochote. Nilikwenda kulala na wazo hilo, ila usingizi wenyewe haukulikubali.

Jumamosi nilipoamka Mama alikuwa mezani. Amplifaya ilikuwa imefunguliwa yote, waya zimekatwa na kusimamishwa kama nywele zisizochanwa. Alikuwa amevaa miwani yake, na juu ya miwani ameshika kioo cha kukuzia. Aligusa kiungo, akakitazama, akakiyeyusha, akakiunga upya, akapima, akatikisa kichwa, akahamia kingine. Nilimletea chai. Nikazunguka meza. Nikaenda uani, nikarudi. Nilifagia karakana mara mbili ingawa mara ya kwanza ilishakuwa safi. Kila nikipita nyuma yake nilisema moyoni, sasa namwambia, na kila nikifika mlangoni nilikuwa bado sijasema.

Saa nne na nusu Kaka aliuliza kama kuna matumaini. Mama alivua miwani akaifuta kwa pindo la nguo, polepole mno.

“Nenda kamwombe yule kiongozi wa bendi akusogezee siku,” alisema. “Nimepitia viungo vyote na sioni kosa. Ninyi hamjui tu, mkono wangu siku hizi unatetemeka, na macho nayo hayana msaada. Ile redio ya jirani yetu Jumatatu namrudishia. Nisije nikaiharibu na hiyo.”

Kaka alimkumbusha kwamba kiongozi wa bendi hasogezi siku ya mtu. Mama alianza kupanga zana zake kwenye kisanduku, moja moja, kama mtu anayefunga duka. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

“Mama, si mkono wako,” nilisema.

Alisema ninamfariji bure, na kwamba mtoto mzuri hufanya hivyo.

“Si mkono wako. Ni mimi. Sikusubiri dakika tatu.”

Koleo ndogo ilibaki hewani. Mama aliiweka mezani bila sauti yoyote.

“Ngapi ulizisubiri?”

“Sita.”

“Na hizo kumi na nane?”

“Nilijumlisha.”

“Ulijumlisha nini?”

“Kumi.”

Nilieleza yote, ile nusu dakika, ule ujanja wangu, kamba, dirisha. Nilikuwa nalia na maneno yalitoka yamekatikakatika, lakini yalitoka. Kaka aliinuka pale kwenye ndoo. Nilidhani atanipiga, na kwa kweli ningeona ni haki yangu. Alinitazama tu. “Miaka miwili, Chapu,” alisema, akatoka nje. Afadhali angenipiga.

Mama alitazama saa ya ukutani. Alisema kuna wakati wa kukasirika, nao si huu. Amplifaya ilipaswa kutoka nyumbani saa nane kamili ili ifike ukumbini kwa mkokoteni, na yeye asingeiruhusu itoke bila kuwashwa na kupigwa saa moja na nusu nzima. Akahesabu waya alizozikata. Alikuwa na viungo kumi na vitatu vya kurudisha, na hakuna mwingine wa kuvirudisha.

“Kwa hiyo kipimo utakaa wewe,” aliniambia. “Utazipima zote.”

“Zile sita nilizipima vizuri, Mama.”

“Zote, mwanangu. Hata zile sita.”

Hapo ndipo iliponichoma. Zile sita zilikuwa kweli tupu, nilizisubiri kwa jasho langu, na sasa nazo zilikuwa hazisadikiki.

Nilianza na namba kumi na moja. Nusu dakika, mshale ukawa sabini na mbili kama jana. Dakika moja, sabini na nane. Hapo nilidhani labda nilikuwa sahihi, nikaanza kupata matumaini ya kijinga. Kisha mshale ukaanza kurudi. Sabini. Sitini na moja. Dakika ya tatu ilipotimia ulikuwa hamsini na mbili na bado unateleza. Valvu ile ilikuwa imechoka. Iliamka kwa kishindo, halafu nguvu zikaiishia. Namba nne ndiyo niliyoiogopa zaidi, kwa kuwa ilikuwa ndiyo iliyogeuka nyekundu kwa kubeba mzigo wa mwenzake. Jana themanini na moja. Leo ilipanda mpaka sitini na sita ikagoma hapo. Nilikuwa nimeiharibu valvu bora kuliko zote katika boksi, na sikuwa hata nimeigusa.

Nikaendelea. Nilipitisha miguu nyuma ya miguu ya stuli nikaibana ili isiniondoe pale. Kila valvu niliichomeka, nikaigonga kwa penseli, nikatazama kitaa, nikatazama saa. Mshale wa sekunde ulizunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Nyuma yangu nilisikia chuma cha kulehemu kikifuka na Mama akipumua kupitia puani kama afanyavyo akizama kwenye kazi. Kaka alirudi, akakaa, akasimama, akakaa. Siku ile hata yeye alikuwa Chapu. Kipaza alikuja dirishani kuniambia wale wa mtaa wa pili wanataka marudiano, nikamtikisia kichwa bila kuondoa macho kwenye mshale, naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaondoka kimya.

Ilipokaribia saa sita nilikuwa nimemaliza zote isipokuwa zile saba za boksi la mbovu. Iliyonipa moyo ilikuwa namba kumi na tano, sabini na sita iliyotulia kama maji ya mtungini. Iliyoikaribia ilikuwa namba nane, sitini na tisa. Tofauti ya alama saba. Mama alikuwa ameunga kiungo cha mwisho.

“Chukua hizo mbili,” Kaka alisema. “Zinatosha. Zile nyingine si ulishaziona ni mbovu? Utapoteza nusu saa bure.”

Nilimgeukia Mama. Nilitaka aseme yeye. Angesema zinatosha ningezing’oa palepale na kushukuru.

“Muulize anayepima,” Mama alisema, akaendelea kukaza skrubu.

Kaka akanitazama. Sijawahi kupewa kitu kizito kama kile. Nusu saa niliyoiiba jana ili niruke kamba, leo ilikuwa nusu saa ya Kaka, na nilikuwa naiomba tena. Nikikosea, ningekuwa nimemkosesha mara mbili. Lakini zile saba sikuwa nimeziona kuwa mbovu. Nilikuwa nimeziona nusu dakika tu. Kati ya vitu vichache nilivyokuwa na uhakika navyo asubuhi ile, hicho kilikuwa kimojawapo.

“Bado saba,” nilisema. Nikalivuta boksi la mbovu.

Ya kwanza ilikuwa mbovu kweli, thelathini na moja. Ya pili kitaa kiliwaka nilipoigonga, nikaitupa. Ya tatu arobaini. Kaka alikuwa anatembea kutoka ukutani hadi ukutani, na kila alipogeuka kiatu chake kililia. Ya nne ilikuwa namba kumi na tisa. Nusu dakika, mshale ukasimama thelathini na nane, palepale nilipouona jana kabla ya kuandika arobaini na nane na kuitupa. Nilitamani kuing’oa. Nilibana miguu. Dakika moja, hamsini na tano. Dakika mbili, sabini. Ilikuwa inapanda taratibu kama mtu mzima anayepanda ngazi, bila haraka na bila kurudi nyuma. Dakika ya tatu, sabini na saba. Niliiachia dakika nyingine nzima ili nione kama itateleza. Sabini na saba.

Nilimwita Mama. Alikuja akainama, akasoma mwenyewe, akabonyeza kitufe mara ya pili, akasoma tena. Alisema kuna valvu zinazochelewa kupata moto, na zikishapata hazina neno. Alizichukua kumi na tano na kumi na tisa akazichomeka, na saa sita na dakika ishirini Kaka alikuwa anapiga.

Tuliisikiliza saa moja na nusu na ushei. Mvumo haukuja. Kwa muda wote ule nilikaa chini nyuma ya amplifaya nikitazama chupa mbili zikiwaka sawasawa, na Mama alilazimika kuniletea chakula palepale.

Ukumbini walikuwapo wapiga gitaa wanne, na Kaka alikuwa wa tatu. Kiongozi wa bendi alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache, amekaa mstari wa mbele na mikono ameikunja. Sikuweza kuusikia muziki. Nilikuwa nimesimama pembeni mahali nilipoziona valvu za nyuma, na kila noti nzito ilipopigwa nilikuwa nasubiri chuma kigeuke chekundu. Hakikugeuka. Kaka alipomaliza wimbo wa tatu, yule kiongozi aliuliza kama kila Jumanne saa kumi jioni ana kazi nyingine. Kaka alisema hana. Akaambiwa basi ndiyo siku ya mazoezi.

Njiani kurudi Kaka alisukuma mkokoteni akiimba, na mimi nilikwenda nyuma yake kidogo. Kwenye kona ya kwanza alisimama akasema kwamba mkokoteni una mikono miwili na yeye ameshikilia wote. Nikaja nikashika mmoja. Hilo ndilo lililokuwa neno letu la kusameheana, na lilinitosha.

Jioni ile Mama aliniita karakana. Alikuwa amelifungua daftari kwenye ukurasa wa Ijumaa. Nilidhani sasa ndiyo wakati ule wa kukasirika, nikajiandaa. Aliniambia nikae, nikakaa, na kwa mara ya kwanza miguu yangu haikuwa na la kusema.

“Mimi siioni valvu inapopimwa,” Mama alianza. “Naiona namba uliyoiandika. Nikiiamini, mkono wangu unakwenda huko. Jana ulikwenda kwenye uongo, na usiku kucha nikaulaumu mkono.”

Nilisema nisamehe, Mama.

“Nilikusamehe uliposema. Mimi pia nina kosa, nilimkalisha mtoto wa miguu kama yako saa moja na nusu bila kumpa nafasi ya kupumua. Tena mlango haukufungwa kwa nje. Ukichoka, pima sita, nenda kacheze, rudi upime sita. Hukuiona namba, usiiandike. Acha pengo. Pengo nitaliona na nitakuuliza. Namba ya uongo haiulizwi na mtu yeyote, mwanangu, kwa sababu inafanana na ya kweli.”

Alinipa kalamu, akainuka kwenda kuandaa redio ya jirani, ile aliyokuwa ametaka kuirudisha. Sikuambiwa la kufanya. Nilianzia mstari wa saba nikazikata moja moja, themanini na mbili, arobaini na nane, zote kumi na nane, na mbele ya kila moja nikaacha nafasi tupu. Ukurasa ulikuwa mbaya kuutazama. Nilimpelekea.

Mama aliushika karibu na taa akausoma wote, mpaka zile nafasi zisizo na kitu.

“Huu sasa naweza kuufanyia kazi,” alisema, akalirudisha daftari rafuni.